Hodi kwa Kondo

Kituo kilipofungwa walitupa faili,
shuka mbili, na kaka yangu.
Faili lilikuwa zito kuliko begi lake.
Miaka thelathini na moja, na kurasa nyingi ni uzani tu:
kilo hamsini na mbili, kilo hamsini na nne,
"ametulia", "ametulia", "ametulia".

Nilikuwa na miaka sita alipoondoka.
Mama alisema Kondo kaenda shule.
Daktari alikuwa amemwambia kromosomu moja imezidi;
mama akasikia deni,
na majirani hawakukawia kuja kudai.
Usiku ule nililala upande wake wa kitanda,
ule wa ukutani, wenye ubaridi,
nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Wiki ya kwanza hapa Tandika,
saa kumi na moja alfajiri, namkuta
amesimama kando ya kitanda, mikono ubavuni,
shuka imekunjwa pembe nne,
anangoja kuhesabiwa.
"Mmoja," nikasema. Sikuwa na neno jingine.
Akaketi.

Aliomba ruhusa ya kwenda chooni.
Aliomba ruhusa ya kunywa maji.
Mlango hakuugusa, aliuacha kama alivyoukuta,
maana kule milango ni ya wenye funguo,
na wenye funguo hawabishi hodi.

Kwenye ofisi ya vitambulisho kijana wa kompyuta
aliniuliza mimi: "Anajua jina lake?"
Kondo akajibu, polepole, kwa ulimi wake mzito,
jina lake, la baba, la babu mzaa baba,
kisha akamuuliza, "Na wewe?"

Sasa anakunja mashuka gesti kwa Bi Mwanamkasi.
Vidole vifupi, kiganja chenye mstari mmoja
kama barabara isiyo na njia panda,
na pembe zinakutana pale pale zinapotakiwa.
Walichomfundisha kule, hicho tu, amekuja nacho.
Jumamosi analipwa, mkononi mwake, si mwangu.
Ananunua umeme. Anasoma tarakimu ishirini za luku
na mimi nabonyeza; akikosea tunaanza upya
gizani, na mbu, tukicheka.

Lakini kuna jioni anavaa viatu,
anachukua begi, anataka kwa Mbwana.
Mbwana alilala kitanda cha kulia kwake
miaka ishirini na mitatu.
Nimepiga simu. Wanasema alichukuliwa na ndugu,
Kilwa, au labda Kibiti, faili halionekani.
Nitamwambiaje Kondo kwamba mtu huweza kupotea hivyo,
kama kijiko?
Namwambia, natafuta.
Anakaa kizingitini, viatu miguuni, mpaka usingizi.

Daktari wa Temeke anasema wenzake huwahi kuzeeka.
Ana miaka arobaini na mvi za babu.
Mimi nina sukari. Usiku napiga hesabu
nani atatangulia, na sipendi jibu lolote.
Watu wa mtaani wananiita mwenye subira,
Mungu atakulipa, wanasema,
mbele yake, kana kwamba yeye ndiye ankara.

Jana alimleta fundi. Mwenyewe, kwa pesa yake.
Sikuambiwa. Niliporudi sokoni
nikaona takataka za mbao uani, nikazifagia.
Magharibi nikampelekea chai, mikono imejaa,
nikasukuma mlango kwa bega kama nilivyozoea.
Haukusogea.
Komeo jipya. Kwa ndani.

Nikasimama na kikombe changu kama mgeni.
"Hodi," nikasema.
Kimya. Kitanda kikalia. Kisha:
"Nani?"

"Mimi. Sikudhani, dada yako."

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri.
"Subiri," akasema.

Nikasubiri.
Chai ikaanza kutanda utando.
Ndani alikuwa anavuta kitu, kiti nadhani,
anakiweka mahali anapotaka mtu akae.